Jani la Mgomba Kwenye Trekta la Lufingo

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Ambakisye kule Kinyala, na mvua haikutuonea huruma hata kidogo. Nilikaa chini ya turubai, mstari wa tatu, viatu vimejaa tope. Mbele yangu vijana wawili walinong'ona kama watu wanaodhani kila mwenye mvi ni kiziwi. Mmoja alimuuliza mwenzake marehemu alikuwa nani hasa. "Humjui? Si ndiye yule babu aliyeziba trekta la chama kwa jani la mgomba, likagoma kuinua plau, wakamshusha!" Mwenzake akacheka, akajiziba mdomo kwa kofia. Hawakuwa na ubaya. Kwetu hadithi ile ni kichekesho cha siku nyingi, inasimuliwa mpaka harusini. Lakini mimi masikio yaliniwaka moto. Nina miaka sitini na miwili, nimetengeneza matrekta miaka arobaini, nimefundisha vijana ambao leo wana gereji zao, na mtu aliyenifundisha kazi alikuwa kwenye sanduku hatua kumi kutoka nilipokaa, anakumbukwa kwa jani. Nikaanza kuukumbuka mwaka ule wote, palepale, mvua ikipiga turubai.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti kipya cha ufundi, na mdomo mrefu kuliko cheti chenyewe. Chama cha wakulima cha Lufingo kilinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwenyekiti, Mzee Gwamaka, hakunificha kitu siku ya kwanza: "Binti, sisi tuliomba fundi, wametuletea wewe. Haya, tutaangalia." Nikapanga chumba kwa Bi Zaina, mjane mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza chai na vitumbua kando ya barabara ya Tukuyu. Kati ya kitanda changu na jiko lake palikuwa na ukuta wa mbao tupu. Asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki na maneno ya wateja, na kwa miezi ile nilijua habari za Lufingo nzima kabla sijanawa uso. Blanketi langu lilikuwa na unyevunyevu siku zote kwa sababu ya ukungu, nguo hazikauki mpaka uzianike juu ya jiko, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Nilikuwa fundi. Niliandika neno hilo kwa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa ovaroli.

Trekta lenyewe lilikuwa jekundu lililopauka, kiti chake kimeshonewa gunia, na ndilo pekee ambalo wakulima wa pande zile walilingojea kwa zamu, kuanzia Lupepo mpaka Kinyala. Dereva wake alikuwa Ambakisye. Tulimwita Baba Tumpe, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mpole, hakusoma zaidi ya darasa la nne, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa kingi ndani yake. Asubuhi kabla ya kuwasha alilizunguka trekta mara moja, anagusa bolti moja baada ya nyingine, halafu anasema, "Ugonile," kama anayemuuliza jirani amelalaje. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye akanitazama tu, akaendelea kugusa. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika mzunguko ule mmoja alikuwa akikagua vitu vingi kuliko nilivyokagua mimi kwa karatasi yangu ya chuoni kwa saa nzima.

Sasa hilo jani. Nyuma ya kiti cha trekta lile kulikuwa na tundu la kupimia oili ya haidroliki, ile oili inayosukumwa na pampu ili kuinua mikono inayobeba plau. Kifuniko cha tundu hilo kilikuwa kimedondoka shambani Lupepo kabla sijafika, plau ikakifukia. Kingine hakikupatikana. Baba Tumpe akaziba kama sote tunavyoziba kibuyu cha maziwa: jani la mgomba limepashwa moto likalainika, likakunjwa, likasokotwa, likashindiliwa. Hakuna Mnyakyusa ambaye angeona ajabu hapo. Ila yeye aliweka na sharti lake. Kila Jumamosi alilitoa jani polepole huku akilizungusha, analifungua kwenye kiganja, anahesabu mikunjo, minne kamili, ndipo analitupa na kuweka jipya. Jani likikaa kwenye oili ya moto linapikika, linalegea, na hakutaka hata kipande kibaki ndani. Wiki moja alikwenda msibani siku tatu, nami nikaamua kupima oili mwenyewe. Nikalishika lile jani nikalivuta kwa nguvu, maana mimi ni mtu wa nguvu. Likakatika. Nikachungulia tunduni, giza. Nikajiambia kilichobaki kitakuwa kidogo, nikasokota jani jipya, tena kwa ustadi, kama nilivyofundishwa utotoni kwenye maziwa, nikashindilia. Aliporudi akaliona. "Nani amebadilisha?" Nikasema mimi. "Lilitoka lote?" Nikasema lote. Lilinitoka tu hilo neno, jamani, bila hata kufikiri. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru kwa moyo, na mimi nikasahau jambo lile kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya tatu baada ya hapo trekta likaanza vituko. Asubuhi linainua plau vizuri. Likishalima kama robo saa, ukifika mwisho wa shamba unataka kugeuza, mikono inapanda nusu, inatetemeka, inashuka. Huku chini pampu inalia sauti nyembamba ya kuudhi. Mnasimama, mnakunywa chai, mkirudi linainua tena kama halijawahi kuugua. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mvua za kupandia zimekaribia, watu wanakuja ofisini asubuhi na jioni kuuliza zamu zao. Mimi jibu nilikuwa nalo siku ya kwanza. Kitabuni imeandikwa: oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na pampu iliyolika inashindwa kuisukuma. Nikaandika ripoti, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri, kwamba pampu imekwisha. Nikaipeleka kwa Mwenyekiti kwa mikono miwili. Wala sikulala chini ya trekta nikachafua ovaroli.

Kesho yake nikiwa kitandani nikasikia kupitia ukuta wa Bi Zaina sauti ya Mwenyekiti na ya mjumbe mmoja wa kamati. Walikuwa wanapuliza chai. "Pampu ya trekta la namna hii utaipata wapi? Jumamosi tukae, tuliuze chuma chakavu, yaishe." Mjumbe akauliza dereva atakuwaje. "Dereva wa nini kama hakuna trekta? Na yule binti vilevile. Fundi wa nini?" Bi Zaina akawaambia kwa sauti ya juu, makusudi, nadhani, ili nisikie: "Nyie wanaume, mnamzika mtu hata hamjampima mapigo!" Wakacheka, wakaagiza vitumbua. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na soksi moja mkononi. Ripoti yangu nzuri ilikuwa inakwenda kutufukuza kazi sote wawili, na wakulima wa huku wote wangepanda mwaka ule kwa jembe la mkono.

Nilimkuta Baba Tumpe shambani, nikamweleza yote, pamoja na ripoti. Nilitegemea angefoka. Aliuliza swali moja tu: "Wewe unasema ni joto?" Nikasema ni joto. "Mimi sijui ni nini. Basi tumuulize mwenyewe." Akalima mpaka mikono ikagoma, akasimamisha. Akaniambia niweke kiganja kwenye chuma cha nyuma, pale oili inapokaa. Nikaondoa mkono haraka, palikuwa pa moto mno. Akazima injini. Tukakaa muda wa kula kipande cha muhogo, si zaidi. "Gusa tena." Bado moto uleule. Akawasha, akavuta liva, ule mkono wa kuinulia, na plau ikapanda mpaka juu bila kusita. Akazima, akanitazama. "Joto liko palepale. Mbona limeinua?" Nikasema labda ni bahati. Hakubishana, akarudia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikaacha kutaja bahati. Kisha akainua plau juu, akazima, akachomeka kijiti ardhini chini ya ncha yake, nafasi ya kidole tu katikati, tukaenda kwake kula mchana.

Nyumba yake ilikuwa karibu na shamba lile, ya matofali ya kuchoma, jikoni kumejaa moshi na kuku mmoja mkaidi. Mama Tumpe alitupakulia mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye sinia moja, ndizi zimeiva mpaka zinameta, pembeni maziwa ya mgando. Nilikula kama niliyetoka vitani. Watoto wake wanne walikuwa mlangoni, wananishangaa mwanamke mwenye ovaroli. Baba Tumpe alimweleza mkewe habari ya trekta kama mtu anavyoeleza ugonjwa wa ng'ombe: lilipoanza kulia, lilipogoma, lilipopona. "Lakini linaanza kulia kwanza," akasema, "halafu ndiyo linashindwa. Si kushindwa kwanza." Mama Tumpe alikuwa anamimina chai kupitia kichujio. Majani yakajaa, chai ikasimama, akagonga kichujio kwenye ukingo wa kikombe, chai ikashuka tena. Mumewe akaacha kutafuna. Akautazama ule mkono wa mkewe. "Mama Tumpe, rudia." "Nirudie nini?" "Hiyo. Gonga." Akarudia, anashangaa. Yule mtu akanigeukia, macho yanamcheka, akasema taratibu: "Pampu ina kiu, mwanangu. Haijafa. Kuna kitu kinakwenda kuukaba mlango wake. Tukizima kinadondoka, tukiwasha kinavutwa tena." Nimesoma vitabu vingi vya haidroliki tangu siku ile, vingine vina michoro ya rangi, na sijakutana na mtu aliyeeleza kwa ufasaha namna hiyo. Tuliporudi shambani kijiti kilikuwa bado kimesimama, plau haijashuka hata unywele. Maana yake silinda inayoinua mikono, na sili zake za kuzuia oili isivuje, zilikuwa nzima. Hapo nikavua kiburi changu nikalala chini ya trekta.

Tulifungua bolti ya chini, tukakinga oili kwenye madebe, kisha nikafungua mfuniko wa pembeni ambako chujio la pampu linakaa. Nikaingiza mkono. Nikatoa chujio limeviringishiwa kitu cheusi, nyuzinyuzi, kama nywele za mtu. Na katikati ya nyuzi zile palikuwa na kipande kikubwa, bado kimesokotwa. Baba Tumpe akakichukua, akakifungua kwenye kiganja. Mikunjo minne, ileile yake, imekatika kwa juu. Mimi nilikuwa chini, mgongo kwenye udongo, oili inanidondokea shingoni, na nikaikumbuka ile siku, na lile neno "lote". Nilitamani ardhi inimeze. Akainama akanitazama usoni, na nikajua kwamba amejua. Hakuuliza tena. Alisema tu, "Osha chujio na dizeli. Nami nitachuja oili kwa kitambaa." Tukafanya kazi mpaka jioni. Trekta likainua plau mara ya kwanza, ya kumi, ya ishirini, bila kulia. Akalishikashika tairi, akacheka peke yake.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye ghala la mbolea, mabenchi mawili na birika kubwa la chai katikati. Mwenyekiti alikuwa ameshika ripoti yangu. Kabla hajaisoma Baba Tumpe akasimama, akaomba radhi, akasema trekta limepona na wanaweza kutoka nje wakaone. Wakatoka, wakaona, wakarudi wanashangilia. Mjumbe mmoja akauliza basi ugonjwa ulikuwa nini. Baba Tumpe akatoa kipande cha jani mfukoni, akakiweka juu ya meza. "Ni jani la mgomba. Nililiweka mimi, kuziba tundu la oili. Lilidondokea ndani, likaziba chujio. Kosa ni langu." Mwenyekiti akauliza nani alimpa ruhusa ya kuziba mashine ya wanachama kwa jani, akasema hakuna. Mwenyekiti akapandisha sauti, akasema ilibaki kidogo tuuze trekta zima kwa ujinga wa mtu mmoja. Halafu akanigeukia mimi. "Fundi, wewe ndiwe uliyelitoa. Una la kuongeza?"

Nimejitetea kwa nafsi yangu mara nyingi sana. Kwamba nilikuwa mtoto, kwamba majaribio yangu yalikuwa yamebakiza siku tisa, kwamba mwanamke fundi akikosea mara moja wanasema wanawake wote. Yote kweli, na hayabadilishi kitu. Nilisema, "Sina." Wakamshusha kwenye trekta siku ileile, wakampa kiti kijana mmoja wa Lupepo mwenye leseni. Ripoti yangu Mwenyekiti aliikunja akaitia mfukoni, hakuna aliyeizungumzia tena. Mwezi uliofuata nikaajiriwa moja kwa moja.

Nilimkimbilia Baba Tumpe njiani jioni ile, nalia, nikamwambia Jumatatu nitakwenda kwa Mwenyekiti nimwambie ukweli. Akaniambia, "Ukisema, watatuondoa wawili. Trekta nani atalijua? Mimi nina migomba, nina chai kidogo, sitakufa njaa. Wewe kaa. Lijue." Na hakuniacha hivihivi. Msimu ule wote alikuja karakana ya chama asubuhi kwa miguu yake, bila mtu kumwita, akakaa juu ya dumu akanifundisha: nianze na kuuliza, nisianze na kufungua, nibadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, nikiwa na jibu la haraka nilitilie shaka kwanza hilohilo. Siku nyingine kijana wa Lupepo alikuwa akipita juu ya trekta, na Baba Tumpe alikuwa akiinua kichwa kusikiliza pampu, kisha ananiambia liva ya huyu bwana inavutwa kwa pupa. Sikuwahi kuona chuki usoni mwake. Niliitafuta hiyo chuki, maana ingenipunguzia mzigo, sikuiona. Mtu mzima, mbele ya watu aliowalimia mashamba, alibeba kosa la binti asiye wake, halafu akamfundisha kazi. Mimi sijafikia hapo, na kwa umri huu sidhani kama nitafika.

Basi pale msibani mjukuu wake alisoma wasifu. Alisoma alikozaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, wajukuu. Kisha akasoma: "Alikuwa dereva wa trekta la chama hadi alipoachishwa kwa kosa la uzembe." Wameandika uzembe, Mungu wangu. Wale vijana wawili mbele yangu wakagusana viwiko. Mwongoza ibada akauliza kama kuna rafiki mwenye neno fupi. Nilisimama. Nikawaambia watu wote wa Kinyala, wenye miavuli na wasio na miavuli, kwamba jani lile nililikata mimi, nilidanganya mimi, na nilipoulizwa kama nina la kuongeza nilisema sina. Nikasema mtu mzembe hahesabu mikunjo. Nilikaa. Mmoja wa wale vijana alivua kofia.

Baada ya mazishi niliingia ndani, ambako Mama Tumpe alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Amezeeka, mikono imekuwa myembamba, macho bado makali. Nilipiga magoti mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza. "Watoto wangu walirudi kutoka shule wanalia. Waliitwa watoto wa jani. Na yeye hakuniambia ukweli hata mimi." Nilisema, "Nisamehe, Mama." Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe.

"Ungesema akiwa hai," akasema. "Angefurahi kusikia."

Kisha akamwambia Tumpe aniletee sahani, nile.